Mtoto Aliyeachwa Alie Usiku Anabaki na Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya wazazi wanaoleta watoto kliniki kwetu, Dar es Salaam. Wengi waliondoka mapema kwa sababu ya mvua na wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu mliokuja na wajukuu. Na ninyi wanangu, poleni na usiku. Naona macho mekundu mbele yangu, sina haja ya kuuliza mmelala saa ngapi.

Mwezi uliopita mama mmoja alibaki nyuma baada ya wenzake kuondoka. Mtoto wake ana miezi saba, uzito wake unapanda vizuri, chanjo zote amepata. Likizo ya uzazi, zile siku 84 za sheria, zilikwisha zamani. Usiku mtoto anamwamsha mara tano, mara sita, na saa kumi na moja alfajiri yeye yuko kituoni anasubiri daladala. Dada yake anayeishi Uingereza amemwambia amwache mtoto alie siku tatu, ya nne atalala. Mama mkwe amemwambia akithubutu, mtoto ataharibika akili. Akaniuliza: "Nesi, nikimwacha alie, akikua atakuwa na kasoro?"

Siku ile nilimjibu haraka haraka, foleni ilikuwa ndefu. Leo nimekuja kumjibu sawasawa.

Dada yake ameshika methali moja: samaki mkunje angali mbichi. Mama mkwe ameshika nyingine: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukizisikia utadhani zinagombana, kumbe zote mbili zinaamini kitu kilekile, kwamba unachomfanyia mtoto leo utakiona akiwa mtu mzima. Methali hizi nimezikuta kwa bibi yangu na sina nia ya kuzivunja. Ninachouliza ni kama usiku wa siku tatu au nne unatosha kuitwa malezi.

Kabla sijawapeleka kwa watafiti, niwaambie yangu.

Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 1998. Nilikuwa nafanya kazi kwa zamu, baba yake alikuwa mkoani. Mtoto alipofika miezi minane nilikuwa nimechoka kiasi kwamba siku moja wodini nilisoma jina la mgonjwa mara tatu na bado sikujua nimesoma nini. Nikaogopa. Nikaamua kumfundisha alale mwenyewe. Nilimnyonyesha, nikamweka kitandani kwake akiwa macho, nikatoka ukumbini. Nilikuwa naingia kila baada ya dakika chache, namwekea mkono tumboni, namwambia mama yupo, natoka tena. Usiku wa kwanza alilia dakika arobaini. Mimi ukumbini nimeuma ncha ya khanga, machozi yananitoka. Usiku wa pili alilia nusu ya hapo. Usiku wa nne alijigeuza, akalala.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea siku hizo. Usiku hakusema kitu. Asubuhi, tukiwa tunachambua mchele, akaniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma: "Mwanangu, umemfundisha mtoto kwamba hana mama."

Neno hilo nililibeba miaka kumi na minne. Mtoto aling'ang'ania sketi yangu siku ya kwanza ya chekechea, nikasema ni zile siku. Alipofika darasa la sita akawa mkimya, wageni wakija anajifungia chumbani, nikasema ni zile siku. Dada yake mkubwa, ambaye sikumwacha alie hata dakika moja, naye alikuwa mkimya vilevile. Lakini kwa huyo sikutafuta sababu. Nilisema ndivyo alivyo.

Mnaona nilivyokuwa najihukumu? Mtoto mmoja hawezi kutupa jibu. Hata watoto kumi wa mtaa mmoja hawawezi. Wala haitoshi kuwalinganisha wazazi walioamua kumfundisha mtoto kulala na wale walioamua kutomfundisha, kwa sababu huenda walitofautiana tangu mwanzo. Pengine mtoto wa huyu analia zaidi. Pengine mama wa yule ana sonona. Pengine mmoja ana nyumba ya vyumba vitatu na mwenzake amepanga chumba kimoja. Ili ujue, inabidi kura iamue nani afundishwe na nani asifundishwe, halafu uwasubiri wakue.

Kazi hiyo ilifanyika mjini Melbourne, Australia. Watafiti waliwapata watoto 326 wa miezi saba ambao wazazi wao walisema usingizi wa mtoto ni tatizo nyumbani. Kliniki walizokuwa wanahudhuria ziligawanywa kwa kura. Watoto 173 wakawa upande ambao manesi waliwafundisha wazazi njia za kumzoesha mtoto kulala, na 153 wakaendelea na huduma ya kawaida. Mzazi alichagua kati ya njia mbili. Ya kwanza inafanana na ile niliyoifanya mimi: unatoka, unarudi kumtuliza, unatoka tena, na kila mara unachelewa kidogo zaidi kurudi. Ya pili ni ya kiti: unakaa kando ya kitanda mpaka mtoto alale, na kadiri siku zinavyopita unakisogeza kiti kuelekea mlangoni.

Walipofikisha mwaka mmoja, upande uliofundishwa wazazi 39 katika kila 100 walikuwa bado wanalalamikia usingizi wa mtoto. Upande wa pili walikuwa 55. Walipofikisha miaka miwili, watafiti wakawaangalia akina mama wenyewe. Waliofundishwa, wenye dalili za sonona walikuwa kama 15 katika kila 100; wale wengine walikuwa 26. Hesabu hiyo naomba muishike, nitairudia.

Halafu wakawasubiri mpaka miaka sita. Waliopatikana ni watoto 225. Wakawapima hisia zao, tabia zao, usingizi wao, ukaribu wao na wazazi. Wakachukua hata mate ya mtoto ili wapime kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa mtu anapokuwa na msongo. Ripoti ilitoka mwaka 2012, na mimi niliisoma nikiwa zamu ya usiku. Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Madhara hayakuonekana. Na faida nayo ilikuwa imekwisha: watoto ambao hawakufundishwa walikuwa wanalala kama wenzao, na akina mama wa pande zote mbili walikuwa sawa.

Mama mkwe wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Sikupata nafasi ya kumwambia.

Sasa nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Watoto wapatao mia moja hawakupatikana baada ya miaka sita, na hatuwezi kujua wao walikuwaje. Upande wa pili hakuna aliyewakataza wazazi kujaribu njia hizo wenyewe, na bila shaka wapo waliojaribu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba njia zilizopimwa ni za upole, na watoto walikuwa wamevuka miezi sita. Hakuna mzazi aliyeambiwa afunge mlango saa mbili usiku aufungue asubuhi. Atakayewaambia kwamba utafiti huu umeruhusu jambo hilo, msimsikilize.

Wapo wengine walioliangalia swali hilihili. Huko Uingereza, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Warwick walifuatilia watoto 178 na mwaka 2020 wakaandika kwamba watoto walioachwa walie mara kwa mara katika miezi yao ya mwanzo hawakuwa na mshikamano dhaifu na mama zao walipofika miezi 18. Hapo hakukuwa na kura, walitazama tu wazazi walichokifanya, kwa hiyo nauweka chini ya ule wa Melbourne.

Nawaona mnatazamana. Yupo hapa aliyesoma kwenye simu kwamba mtoto akiachwa alie, kortisoli "inaunguza ubongo", na kwamba akinyamaza hajatulia, amekata tamaa. Maneno hayo yana chanzo na nakijua. New Zealand walipimwa mama 25 na watoto wao, wenye umri wa miezi minne hadi kumi, waliokuwa wamelazwa kwenye kituo kwa siku tano ili watoto wafundishwe kulala. Siku ya tatu watoto walikuwa hawalii tena wakati wa kulala. Kortisoli ya akina mama ikashuka. Ya watoto haikushuka. Ni habari ya kumshtua mzazi, hata mimi ilinishtua.

Lakini itazameni vizuri. Watoto walikuwa mahali pageni, wanalazwa na manesi wasiowafahamu. Kortisoli yao ya kawaida ya nyumbani haikupimwa, hivyo hatuwezi kusema ilikuwa juu kuliko nini. Hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Na hakuna aliyewapima mwezi mmoja baadaye, achilia mbali miaka sita. Kipimo cha siku chache kimegeuzwa kuwa hukumu ya maisha, na akina mama wanakilia chooni kazini.

Mwaka 2016 Waaustralia wengine, wa Adelaide, walichapisha jaribio la watoto 43. Walikuwa wachache, lakini walipimwa kwa makini. Kundi moja wazazi walikuwa wanachelewa kumrudia mtoto kidogo kidogo, kundi jingine walisogeza mbele saa ya kulala ili mtoto alazwe akiwa na usingizi hasa, kundi la tatu walipewa mafunzo tu kuhusu usingizi. Kortisoli haikupanda kwa waliofundishwa. Baada ya mwaka mmoja wakapima mshikamano wa mtoto na mama, na makundi yote yakawa sawa.

Kipimo hicho cha mshikamano kina historia ya kwetu, na naomba mnivumilie niieleze kwa sababu huwa inanifurahisha. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala. Mumewe alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere. Yeye akaanza kwenda vijijini, akiwa na mkalimani, anakaa sebuleni kwa akina mama wa Kiganda, anatazama. Familia 26, miezi na miezi. Anaandika mtoto anamlilia nani, anamfuata nani, anatambaa kwenda mbali halafu anageuka kuangalia kama mama bado yupo. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1967. Aliporudi Marekani, mjini Baltimore, akatengeneza kipimo: mama anatoka chumbani kidogo, anarudi, na unatazama mtoto anampokeaje. Kipimo hicho ndicho kilichotumika Adelaide na Warwick. Kwa hiyo tunapouliza kama mtoto wa Kizungu aliyefundishwa kulala bado anamwamini mama yake, tunapima kwa jicho lililofunzwa na akina mama wa Buganda, ambao kwa kawaida hawakumlaza mtoto chumba chake.

Na hili linanipeleka kwa ninyi msiotaka hata kusikia habari hii. Miaka ya 1970 watafiti wawili, Sara Harkness na Charles Super, waliishi kijiji cha Kokwet, kwa Wakipsigis wa Kenya. Watoto pale walilala na mama zao na kunyonya kila walipoamka. Watoto wa Marekani wa miezi minne walikuwa tayari wanaweza kulala saa nane mfululizo. Wa Kokwet walikuwa wanalala mfululizo kwa muda wa kama saa nne na ushee tu, na hata walipofika miezi minane kipande hicho kilikuwa hakijarefuka sana. Hakuna aliyeliita tatizo. Mama alikuwa anaamka, lakini mchana kazi yake ilimruhusu kumbeba mtoto mgongoni, na dada mkubwa alikuwepo wa kumpokea. Tatizo linaanza pale usiku ni wa Kokwet na mchana ni wa ofisi.

Kwa hiyo wewe unayelala na mtoto wako na hulalamiki, hujachelewa, hujamdekeza, na hakuna darasa ulilokosa. Waliofundishwa na wasiofundishwa walifika miaka sita wakiwa sawa. Na wewe uliyemfundisha, au unayetaka kumfundisha kwa sababu unaanguka kwa usingizi, hujamuumiza.

Niongeze jambo moja dogo, kwa sababu wengi mnadhani mtoto aliyefundishwa haamki. Anaamka. Sote tunaamka usiku mara kadhaa, tunageuza mto, asubuhi hatukumbuki. Mtoto aliyelala titi likiwa mdomoni, akiamka titi halipo, anaita. Kanada walifanya jaribio kwa familia 235 wakawafunga watoto kifaa kinachorekodi wanavyojigeuza. Kifaa kikaonyesha watoto wa pande zote mbili wanaamka karibu sawa, lakini wazazi waliofundishwa walisema tatizo limepungua. Mtoto anaamka, anatazama, anarudi kulala bila kuita. Alichojifunza ni hicho tu.

Sasa nirudi kwenye ile hesabu ya akina mama, 15 na 26. Hapo ndipo penye moyo wangu.

Mmeniuliza kinachobaki kwa mtoto. Nitawaambia kinachobaki. Romania, baada ya utawala wa dikteta Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, dunia iliona watoto waliolelewa kwenye vituo, wamelazwa kwenye vitanda safu kwa safu, mlezi mmoja kwa watoto wengi, mchana na usiku, miezi na miaka. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, nusu yao wakapelekwa kwa familia za kuwalea. Waliobaki vituoni walikua na majeraha makubwa ya akili na hisia. Majeraha hayo yanabaki kweli. Na mara nyingi habari za watoto hao ndizo zinazochukuliwa kumtisha mama anayesimama nyuma ya mlango dakika tano huku akihesabu. Mtoto aliyekosa mtu mchana na usiku hafanani na mtoto anayebebwa kutwa nzima, akanyonyeshwa, akalia dakika chache, na asubuhi akamkuta mama yuleyule.

Mama mkwe wangu, naamini, alikuwa anazungumza kutoka alikokulia. Kule mtoto akilia peke yake gizani na asijiwe na mtu, ni kwa sababu mama yake amekufa. Alikuwa sahihi kuogopa hivyo. Mimi nilikuwa ukumbini, hatua sita kutoka kitandani.

Kingine kinachobaki ni mtikiso. Nimepokea mtoto aliyetikiswa. Sitawaeleza zaidi ya hapo. Mtu aliyemtikisa hakuwa katili, alikuwa hajalala. Ubongo wa mtoto mchanga ukitikiswa mishipa inachanika, damu inavuja, na anayepona anaweza kubaki kipofu au na degedege la maisha. Ukiona mikono yako inaanza kuwa migumu, mweke mtoto chali kitandani, toka nje, kaa barazani dakika kumi. Alie. Kilio hicho hakimdhuru. Mwambieni na dada wa kazi maneno haya, maana mara nyingi ndiye mnayemwachia usiku.

Na msimpe mtoto dawa ya mafua ili alale. Najua inafanyika. Inaweza kumzuia kupumua.

Kwa anayetaka kumfundisha mtoto wake, masharti yangu ni haya na sipunguzi. Asiwe chini ya miezi sita. Kabla ya hapo mtoto ananyonya usiku na anatakiwa anyonye. Maziwa ya usiku ni chakula chake na ndiyo yanayolinda wingi wa maziwa yako. Uzito uwe unapanda. Asiwe na homa, sikio, kikohozi, meno yanayomsumbua, wala asiwe ametoka kuumwa malaria juzi. Watu wanasema mchango, mchango, kumbe mtoto ana sikio. Aliyezaliwa kabla ya wakati, njooni kwanza tuongee. Mtoto alale chali, neti imechomekwa, kitandani hamna mito wala mablanketi mazito, na awe chumba kimoja na wewe au mahali unapomsikia. Ukiwa na chumba kimoja cha kupanga, njia ya kiti inawezekana: kiti kinasogea kutoka kitandani kwenda kwenye pazia, basi. Akinyonya usiku baada ya miezi sita, mwache anyonye mara moja au mbili, halafu arudi kitandani akiwa macho. Na ukijaribu siku kadhaa ukaona moyo wako umekataa, acha. Hakuna kitakachopotea.

Akina baba mliokaa kule karibu na mlango, usiku wa pili ni wenu. Mama anayenyonyesha akiingia, mtoto ananusa maziwa na anadai. Baba hana harufu hiyo. Nimeona nyumba nyingi ambazo mtoto alitulia kwa sababu tu aliyeingia ni baba.

Mama wa miezi saba, nimekuona, umekaa nyuma ya nguzo. Akikua hatakuwa na kasoro kwa sababu ya hili. Jumatatu njoo na kadi ya mtoto, njoo na mumeo, na mama mkwe naye umlete, nitampa shikamoo yake mimi mwenyewe na nitamsikiliza kwanza. Tutampima mtoto uzito, tutamwangalia masikio, tutaangalia wingi wa damu. Halafu tutakaa wanne tupange usiku wa kwanza uwe lini, nani ataingia, na kiti kikae wapi.